Kano lililokatika mara mbili: kisa cha Jeki, mbwa wa ulinzi Morogoro

Jeki alishuka kwenye bajaji kwa miguu mitatu, wa nne ukimfuata kama si wake. Ni dume la miaka 4, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, kilo 31 kwenye mizani yetu, kazi yake ulinzi wa usiku katika nyumba moja hapa Morogoro. Hakuletwa na mwenye nyumba. Aliletwa na mzee anayelinda naye. Nilimwamkia mzee, akaitikia marahaba, na kabla sijauliza lolote akasema: "Dokta, kidonda kimepona, lakini mbwa hajapona."

Siku 9 nyuma, usiku, Jeki alikuwa akikimbilia sauti nje ya ukuta akaruka rundo la mabati ya kuezekea lililopangwa nyuma ya nyumba. Ukingo wa bati ulimpata mguu wa nyuma wa kushoto, juu kidogo ya kisigino, kwa upande wa nyuma. Damu ilitoka nyingi, kisha ikakata. Asubuhi akaitwa mtu anayetibu mifugo mtaani, akakiosha kidonda, akashona ngozi, akachoma penisilini. Watu wa nyumbani nao wakaongeza vidonge viwili vya diklofenaki ndani ya ugali. Nilipokiona kidonda kilikuwa mstari wa sentimita 3, kimefunga, hakina usaha. Ukikitazama chenyewe ungesema kazi imekwisha.

Simlaumu aliyemshona. Nitaeleza kwa nini, maana sababu yenyewe ndiyo iliyonifanya nikiandike kisa hiki.

Alivyosimama

Jambo la kwanza lilikuwa kadi ya chanjo. Mbwa mwenye maumivu huuma, na mbwa anayeuma bila historia ya chanjo ya kichaa cha mbwa ni habari nyingine kabisa. Jeki alikuwa amechanjwa miezi 5 kabla. La pili, sikumgusa. Nilimwomba mzee amtembeze uani, aende na kurudi, mara tatu.

Mbwa hutembea kwa vidole. Ile kona ya mguu wa nyuma ambayo wengi huidhani ni goti lililokunjika kinyume ndiyo kisigino chake, na mahali pake ni juu, hakigusi ardhi mbwa anapotembea. Kisigino cha Jeki kilikuwa chini. Kila alipojaribu kukanyaga kwa mguu ule, kifundo kilikunjika, kisigino kikalala kwenye udongo, na nyayo nzima ikakaa chini kama ya mtu. Vidole havikujikunja. Vilikuwa vimenyooka, kucha zikitazama mbele na juu.

Nikamuuliza mzee hali ile ilianza lini. Nilitegemea aniambie tangu siku ya mabati. Akakataa. Akanieleza kuwa kila jioni kabla ya zamu hufagia uwanja wote, si kwa usafi, bali ili asubuhi asome nani kapita. Siku sita za kwanza nyayo za Jeki zilikuwa za kawaida, ila ule wa kushoto nyuma ulikuwa mwepesi na vidole vyake vimefunguka kuliko vya kulia. Alfajiri ya siku ya saba akakuta alama ndefu, "kama ya sungura mkubwa." Usiku huo Jeki alisimama kwa miguu ya nyuma akilisukuma geti, akalia mara moja, akatulia.

Nimesikiliza historia nyingi za wagonjwa wasioweza kusema. Sijawahi kupewa nzuri kuliko hiyo. Mzee alikuwa amenipa tarehe mbili za majeraha mawili, na dalili ya kila moja.

Kano lenyewe

Mtaani kila kitu mwilini chenye umbo la uzi huitwa mshipa: wa damu, wa fahamu, uliovimba, uliokaza. Mzee naye alisema mshipa umekatika, na nilipomuuliza upi akainama akagusa nyuma ya kisigino chake mwenyewe. Palepale hasa. Hilo ni kano, kamba nyeupe, ngumu, yenye kung'aa, inayouvuta mfupa kwa niaba ya msuli. Aliyewahi kunywa supu ya kongoro analijua kano kwa meno. Ni ile sehemu inayovutika, ambayo ikichemka saa nyingi hulainika na kunata midomoni. Kinachonata kinatokana na kolajeni, na kolajeni ndiyo ambayo mwili wa Jeki ungepaswa kuifuma upya, uzi baada ya uzi, kwa miezi.

Kwa mbwa, kano la kisigino si kamba moja. Ni kifungu kinachokusanya nguvu za misuli mitano. Nene kuliko yote ni kano la misuli ya shavu la mguu, linaloshika ncha ya mfupa wa kisigino. Kuna kano la pamoja la misuli mitatu ya paja, linaloshuka na kuungana nalo. Na kuna kano la kukunjia vidole, ambalo njia yake inahitaji uangalifu: huanzia chini ya misuli ya shavu, hulizunguka kano la shavu kwa upande wa ndani, likatokea juu yake, likakifunika kisigino kama kofia, kisha likaendelea hadi vidoleni. Maana yake ni kwamba ukikata kwa nyuma, juu kidogo ya kisigino, kitu cha kwanza utakachokikuta chini ya ngozi ni hilo la vidole.

Mwaka 1993 mtafiti aitwaye Meutstege aliyapanga majeraha ya kano hili katika makundi matatu: lililokatika lote, lililokatika kwa sehemu likarefuka, na lililovimba bila kurefuka. Dalili ambayo kila mwanafunzi huikariri ni ya mbwa ambaye kano la shavu limeachia lakini la vidole bado zima: kisigino kinashuka, na kano la vidole likivutwa kupita kiasi linavikunja vidole kama makucha ya mwewe. Kwa Jeki ilikuwa kinyume. Vidole vilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, kisigino kikashuka siku ya saba. Nikaanza kuamini kwamba bati lilikata kano la vidole lote na sehemu ya kano la shavu, na kilichobaki kikamshikilia siku sita hadi geti lilipokimaliza.

Hapo ndipo ninapomtetea mwenzangu wa mtaani. Mbwa aliyekatika kano la vidole na nusu ya la shavu husimama. Anachechemea, lakini kisigino kiko juu, na yeyote anayetazama kwa haraka ataona mkato wa ngozi tu. Lakini siwezi kuficha ninachoamini: jeraha lolote kati ya shavu la mguu na kisigino, hata dogo kama tundu la msumari, lisifungwe ngozi kabla hujaona sakafu yake. Na huwezi kuiona kwa mbwa anayepigana nawe. Mwenzangu hakuwa na dawa ya kumlaza, kwa hiyo alishona alichoweza kukifikia.

Mikono, kisha mashine

Tulimfunga mdomo kwa bandeji, mzee akamshika kichwa, nikaanza na mguu mzima. Nililinyoosha goti la kulia na kulishika hapo, kisha nikajaribu kukunja kifundo. Kiligoma. Kwa mbwa mzima hivyo viwili vimefungwa pamoja: goti likinyooka, kano hukaza na kifundo hakikubali kukunjika. Nikafanya vilevile kushoto. Goti limenyooka kabisa, na kifundo kikakunjika mikononi mwangu kama bawaba ya mlango. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala fedha, na kwa kano lililokatika lote ni vigumu kikudanganye.

Vidole viwili juu ya kisigino vilitumbukia kwenye pengo. Juu ya pengo kulikuwa na donge gumu lenye maumivu, ncha iliyopanda.

Bado nilitaka kuuondoa mshipa wa fahamu kwenye mashaka. Ule unaotawala misuli ya shavu na ngozi ya chini ya nyayo unapita jirani sana na kano, mbele yake kidogo, na ukikatwa juu zaidi kisigino hushuka vilevile ingawa kano ni zima. Nikabana kidole kimojakimoja kwa koleo. Jeki aliuvuta mguu na kunigeukia kila mara. Kuvuta mguu peke yake hakutoshi, maana uti wa mgongo unaweza kufanya hivyo bila ubongo kujua. Kunigeukia ndiko nilikokutaka. Fizi zilikuwa na rangi nzuri na mzee alisema choo hakikuwa cheusi, basi diklofenaki ilimpita salama. Wengi hawapitwi salama. Dawa ile huchimba vidonda tumboni mwa mbwa na kuumiza figo, na kila mwezi naona mbwa waliopewa kwa nia njema.

Picha ya eksirei tuliipiga kutafuta jambo moja: kama ncha ya mfupa wa kisigino ilinyofoka na kano. Haikunyofoka. Altrasaundi tunayo, ya kupimia mimba za ng'ombe, na kipimo chake bapa kinafaa vizuri kwa kano kwa sababu kano liko karibu na ngozi. Karibu mno, kwa kweli. Nilijaza maji kwenye glovu, nikaiweka kati ya kipimo na mguu ulionyolewa ili picha isiungue juu. Kano zima linaonekana kama nywele zilizochanwa, mistari myeupe sambamba. Kwa Jeki mistari ilikwenda ikafika mwisho, ikafuata sehemu nyeusi iliyochafuka ya sentimita 3 hivi, kisha ikaanza tena karibu na mfupa.

Mama mwenye nyumba nilizungumza naye kwa simu. Swali lake lilikuwa la haki: "Daktari, si ukiacha tu kitajiunga chenyewe?" Kitajiunga, nikamwambia, lakini kwa kovu refu. Kano ni kama kamba ya ndoo ya kisima. Ukiiunga kwa kuirefusha, utavuta na ndoo haitapanda. Jeki angetembea kwa kisigino maisha yake yote, na ngozi ya kisigino haikuumbwa kukanyaga saruji. Njia ya pili ilikuwa kukigandisha kifundo kwa bamba na skrubu, ambayo ni njia ya mwisho, tunaiweka akiba mshono ukishindwa. Ya tatu kushona. Nikamwambia pia kwamba upasuaji ungekuwa saa mbili na uuguzi miezi mitatu, na kwamba anayepaswa kukubali miezi mitatu hiyo ni mzee kuliko yeye. Akaniambia nimpe mzee simu. Walizungumza muda mrefu. Mzee akarudi akasema, "Tutamfunga."

Ndani ya jeraha

Siku ya 10, asubuhi. Jeki hakula tangu jana yake jioni. Nusu kaputi tuliianza kwa diazepamu na ketamini kwenye mshipa wa damu, tukamwekea mpira kooni, tukaendelea na propofoli kidogokidogo na oksijeni. Kilichonipa utulivu zaidi kilikuwa ganzi ya mgongoni: mililita 6 za bupivakaini ya asilimia 0.5, mahali mgongo unapokutana na nyonga. Miguu ya nyuma ikalala kabisa, nasi tukahitaji usingizi mwepesi tu. Sefazolini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 22 kwa kilo iliingia nusu saa kabla ya kisu.

Alilala kifudifudi, mguu ukining'inia nje ya meza. Sikukata juu ya kovu la zamani. Nilipita pembeni, upande wa nje, kwa sababu ngozi inayopona moja kwa moja juu ya kano hushikana nalo na kano halitelezi tena. Mshipa wa damu unaopita upande huo niliusogeza na kuulinda.

Na hapo ndani maneno ya mzee yakaonekana. Kano la vidole lilikuwa na ncha za kizee: za mviringo, zimefunikwa na kovu la kijivu, zimekatwa wima na safi, kazi ya bati. Kano la shavu lilikuwa na ncha za aina mbili katika kamba moja. Upande wa nyuma, karibu theluthi mbili, ulikuwa na mkato uleule safi na kovu lilelile. Theluthi iliyobaki, ya mbele, ilikuwa imechanika kama ukili, nyuzi ndefu na fupi, damu ndani yake ikiwa bado nyekundu. Siku 10 na siku 3, bega kwa bega. Nilimwita msaidizi wangu asogee aone. Nyayo kwenye mchanga uliofagiwa zilikuwa zimesema hivyohivyo.

Kovu halishiki uzi. Nililikata kwa wembe mpya, kipande chembamba baada ya kingine, hadi nyuzi zilipong'aa. Nilipoteza karibu sentimita moja. Goti likakunjwa, kifundo kikanyooshwa, na ncha zikakutana bila kulazimishwa. Laiti zisingekutana ningehitaji kurefusha juu au kuziba pengo kwa tishu nyingine ya mwili, na siku kama 30 badala ya 10 huenda ndivyo ingekuwa. Misuli isiyovutwa hujikunja na kuzoea ufupi wake.

Nilishona kila kano peke yake. La vidole ni bapa, hivyo nililipa mshono wa vitanzi vinavyojifunga, ambao hushika nyuzi bila kuzichana kwa urefu. La shavu nililipa kapi la vitanzi vitatu, kwa uzi wa polipropilini namba 1. Anayejua majahazi anajua kazi ya kapi: kamba ikizunguka mara kadhaa, uzito hugawanyika. Uzi unapita karibu na ncha upande mmoja na mbali upande wa pili. Kitanzi cha pili kinapita umbali sawa pande zote. Cha tatu kinapita mbali kisha karibu. Kila kitanzi kimezungushwa digrii 120 kutoka kwa mwenzake, ili visiwe kwenye bapa moja. Watafiti Berg na Egger waliupima mshono huu mwaka 1986 kwa makano ya mbwa yanayobeba uzito, wakaukuta una nguvu zaidi na unazuia pengo vizuri kuliko vitanzi vya kujifunga.

Pengo ndilo adui. Utafiti wa Gelberman na wenzake wa mwaka 1999, uliofanywa kwa makano ya mbwa ili kuwasaidia madaktari wa mikono ya binadamu, ulionyesha kwamba kano lililoachia pengo la zaidi ya milimita 3 haliongezi nguvu katika wiki za mwanzo kama wenzake. Nilikaza vitanzi polepole, vyote pamoja, nikitazama mpaka wa ncha mbili, kisha nikazungusha mshono mwembamba wa juu kwa uzi namba 3-0, kulifanya kano liwe laini pande zote. Ala ya kano niliifunga juu yake. Wakati wote huo msaidizi alikuwa ameushika mguu bila kuusogeza hata kidogo, na mikono yake ilitetemeka dakika nyingi baada ya kuuachia.

Kulikuwa na uamuzi mmoja uliobaki. Wapo wanaoweka skrubu kutoka kisigino hadi mfupa wa muundi ili kukifunga kifundo kwa ndani. Ni njia nzuri na ningeitumia kwa jeraha safi. Hili lilikuwa na siku 10 tangu bati chafu, na sikutaka kuupa uchafu njia ya kuingia mfupani. Nikachagua hogo la faiba, yaani ganda gumu la kuushikilia mguu, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, kifundo kikiwa karibu kunyooka, nikalipasua pande mbili ili liwe kama ganda la kufungua na kufunga.

Wiki za mzee

Kano lililoshonwa hupona kwa uvivu. Hesabu inayotajwa sana ni hii: baada ya wiki 6 linakuwa limerudisha asilimia 56 ya nguvu yake, na baada ya mwaka mzima asilimia 79. Kutembea kwa kawaida hutumia robo hadi theluthi ya nguvu ya kano. Kwa hiyo wiki 6 zinamtosha anayetembea kwa kamba na hazimtoshi kabisa anayeruka geti, na mbwa hajui tofauti. Mzee alimtengenezea Jeki banda la mita mbili kwa mbili, sakafu ya mchanga, kivuli cha mwembe, akawa analinda peke yake. Kila baada ya saa nne alimtoa kwa kamba fupi, akamrudisha.

Ilikuwa Aprili, masika imekolea, na maji ni sumu kwa hogo. Tuliuvalisha mguu mfuko mtupu wa dripu uliopasuliwa juu na kufungwa kwa bandeji kila alipotoka nje, kisha tukauvua akirudi, maana mfuko ukikaa unatengeneza jasho.

Siku ya 20 baada ya upasuaji mzee alipiga simu saa kumi na mbili asubuhi. "Dokta, mguu unanuka." Hogo kwa nje lilikuwa safi, vidole havijavimba, Jeki anakula. Tungeweza kungoja siku mbili za ratiba. Tulifungua asubuhi ileile tukakuta kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 kwenye ncha ya kisigino, ngozi imekufa, pamba imeloa. Kosa lilikuwa langu. Niliiongeza pamba juu ya ncha ile nikidhani ninailinda, na pamba juu ya mfupa uliochomoza huongeza mgandamizo. Pamba inapaswa kuuzunguka mfupa kama kata ya kubebea ndoo, katikati pakiwa wazi. Nilifanya hivyo sasa, nikakiosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikakifunga kwa asali safi na bandeji, tukawa tunabadilisha kila baada ya siku 4 badala ya 7. Mshono wa kano ulikuwa chini ya ngozi nzima, sentimita 3 juu yake. Uchafu ule ungefika pale, tungepoteza kila kitu. Kidonda kilichukua siku 18 kufunga.

Dawa ya maumivu ilikuwa meloksikamu, miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza na 0.1 siku sita zilizofuata, na chakula. Baada ya hapo hakuhitaji. Mbwa asiye na maumivu kabisa wiki ya pili ni mtihani, kwani huanza kurukaruka, na mara mbili mzee alilazimika kulala bandani naye.

Wiki ya 6 tulivua hogo. Altrasaundi ilionyesha kano nene kama mara mbili ya la kulia, mistari bado haijanyooka vizuri, hakuna pengo. Nililishika goti likiwa limenyooka nikajaribu kukunja kifundo. Kiligoma. Si kama cha kulia, lakini kiligoma, na nilikaa sakafuni na ule mguu mkononi kwa muda kabla ya kumwambia mzee.

Hatukumwachia huru. Wiki tatu zilizofuata alivaa bandeji nene yenye banzi upande wa mbele, na kila wiki nililipunguza banzi urefu ili kano lianze kubeba. Kano linahitaji kuvutwa kidogo ndipo nyuzi zake zijipange kufuata mvuto. Likikaa bila kazi nyuzi hujifuma ovyo. Kuanzia wiki ya 10 mzee alimtembeza dakika 5 asubuhi na 5 jioni kwenye ardhi tambarare, akiongeza dakika 5 kila wiki. Hakuna ngazi, hakuna mbio, hakuna mbwa wengine.

Wiki ya 16 nilimpima akiwa amesimama. Kifundo cha kulia digrii 138, cha kushoto 130. Kisigino chake cha kushoto kiko chini kidogo kuliko mwenzake na kitabaki hivyo, kwa kuwa kano lilinyumbuka kidogo katika kupona, jambo ambalo karibu kila kano lililoshonwa hulifanya. Shavu la mguu lilikuwa limekonda kwa sentimita 2 na nusu. Anatembea bila kuchechemea, anakimbia akichechemea kidogo akichoka. Mwezi wa sita baada ya upasuaji alirudi zamu. Mabati yalihamishwa, na mbele ya geti mama mwenye nyumba alipanda safu ya michongoma ili asilifikie kwa miguu ya mbele.

Kano la vidole halikurudi lote. Vidole viwili vya kati bado vimeinuka kidogo, havisagiki kwenye ardhi kama vingine, na kucha zake hurefuka. Mzee huzisaga kwa tupa kila mwisho wa mwezi, Jeki akiwa amelala ubavu chini ya mwembe.